Upasuaji wa kupunguza uzito: maandalizi ya mgonjwa anayetoka Tabora

Upasuaji wa kupunguza uzito hufanywa kwenye tumbo la chakula, na wakati mwingine kwenye utumbo mwembamba pia, ili mtu mwenye unene uliokithiri ashibe kwa chakula kidogo na njaa yake ipungue. Haunyonyi mafuta yaliyo chini ya ngozi, wala haukati kitambi. Mgonjwa huingia chumba cha upasuaji na kilo zake, na hutoka nazo. Kilo huanza kuondoka baadaye, nyumbani, wiki baada ya wiki, kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mkazi wa Tabora, Nzega, Urambo au Kaliua anayeifikiria tiba hii anafaa kulijua jambo hilo tangu mwanzo. Operesheni yenyewe ni ya saa moja hadi tatu. Sehemu kubwa ya tiba, na sehemu kubwa ya usalama wake, iko kwenye wiki za kabla na miezi ya baada, na muda huo ataupitisha nyumbani, mbali na daktari aliyempasua.

Operesheni inayofanywa zaidi duniani kwa sasa ni ya kupunguza tumbo. Daktari hulikata tumbo kwa urefu, akaondoa robo tatu yake au zaidi, na kuacha sehemu nyembamba yenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni inayouarifu ubongo kwamba mwili una njaa. Kwa hiyo kinachopungua si nafasi ya chakula tu, ni hamu yenyewe. Ya pili ni ya kuchepusha chakula. Hapo hutengenezwa kifuko kidogo kuliko yai la kuku upande wa juu wa tumbo, kikaunganishwa na utumbo mwembamba, na chakula kikapita kando ya sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Hii hushusha sukari ya mgonjwa wa kisukari kwa nguvu sana, mara nyingine siku chache tu baada ya operesheni, kabla hata mwili haujapungua. Zote mbili siku hizi hufanywa kwa matundu madogo manne au matano, kwa kutumia kamera, bila kupasua tumbo lote.

Puto, ambalo Watanzania wengi wamelisikia kuliko operesheni hizo, si upasuaji. Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila, pembezoni mwa Dar es Salaam, ilianza huduma hiyo 2022. Puto laini huingizwa tumboni kupitia mdomoni, hujazwa maji ya chumvi ya mililita 400 hadi 700, hukaa miezi 6 au 12 kulingana na aina yake, kisha hutolewa. Maji hayo hutiwa rangi ya bluu, ili puto likipasuka mkojo ubadilike rangi na mgonjwa awahi hospitali. Uzito unaopungua kwa puto ni mdogo kuliko wa upasuaji, na hurudi kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, mtu mwenye uzito mkubwa mno huweza kuwekewa puto kwanza, akapungua kidogo, ndipo apasuliwe kwa usalama zaidi.

Anayestahili hujulikana kwa kupima uwiano wa uzito na urefu: kilo zake hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa sentimita 160 mwenye kilo 110 anapata 43. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Mwongozo uliotolewa Marekani 1991 ulitaka mgonjwa awe amefika 40, au 35 akiwa pia na ugonjwa kama kisukari au shinikizo la damu. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa fani hii viliushusha mstari huo: 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine, na mwenye kisukari kisichotulia anaweza kufikiriwa hata akiwa na 30. Umri, hali ya moyo na utayari wa mtu navyo hupimwa, kwa hiyo namba peke yake haimpeleki mtu kitandani.

Uzito unaotarajiwa kupungua kwa upasuaji ni karibu robo ya uzito wote, wakati mwingine hadi theluthi, ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwa mwanamke wa kilo 110, hizo ni kilo 28 hadi 37 hivi. Tabora inakijua kiasi hicho kwa jina lingine. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe au nguo kati ya Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na Bagamoyo katika karne ya 19 alitwikwa mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Tofauti ni kwamba mpagazi aliutua jioni kambini. Mwenye kilo hizo mwilini hulala nazo, hupanda nazo ngazi, na magoti, moyo na mapafu yake huzibeba usiku na mchana. Kumwambia mtu huyo kwamba ni mvivu ni kumwonea. Mwili wa binadamu ukishazoea uzito fulani huulinda: mtu akijinyima chakula, homoni za njaa hupanda na mwili hubana matumizi ya nguvu. Ndiyo maana wengi wamepungua kilo kumi kwa jasho lao wenyewe na kuzirudisha zote.

Unene nao ulikuwa heshima, na kwa wengi bado ni heshima. Njia ya misafara iligawanyika Tabora: tawi moja lilielekea Ujiji, lingine lilipanda kaskazini hadi Karagwe. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipita huko 1861, na katika kitabu chake cha 1863 akaeleza jinsi wake wa wakubwa wa Karagwe walivyonenepeshwa kwa maziwa hadi wakashindwa kusimama. Alimpima mmoja wao: mkono wa juu ulikuwa na mzunguko wa sentimita 58 hivi, kifua 132, paja 79. Binti wa mama huyo, wa miaka kama 16, alikuwa kando akinywa maziwa kwenye chombo, na baba yake ameshika fimbo asije akaacha. Zilikuwa nyumba za watawala, zenye ng'ombe wengi. Mpagazi na mkulima wa mtama hawakuwa na maziwa ya kunenepesha mtu. Leo hali imegeuka. Mafuta ya kupikia, sukari na soda vimefika kila duka la kijijini, na miguu imepumzishwa na bodaboda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Eneo lilelile la Karagwe ya zamani liliongeza jambo lingine. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, 1983, na kwa miaka mingi baadaye, katika kanda yote ya magharibi na ya Ziwa, kukonda kukawa alama ya kifo. Hili linahusu maandalizi moja kwa moja. Mtu anayepungua kilo tano au zaidi kwa mwezi ataulizwa na majirani, ataombewa kanisani, ataletewa supu na shangazi mwenye huruma, na atashinikizwa ale. Washauri wa saikolojia hupenda mgonjwa aamue mapema nani ataambiwa na nani hataambiwa, na angalau watu wawili wa nyumbani wakae kwenye kikao cha lishe pamoja naye. Mpishi wa nyumba ni mmoja wao, hata kama si ndugu.

Maandalizi ya kitabibu yanaweza kuanza mkoani kwa kiasi kikubwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini Tabora, au Hospitali ya Nkinga wilayani Igunga, ni mahali pa kuanzia: daktari huandika historia ya ugonjwa, hupima na kutoa barua ya rufaa. Picha nzima ya damu huonyesha kama kuna upungufu wa damu, ambao katika nchi ya malaria na minyoo si jambo geni kwa mtu mnene. Wingi wa mwili haumaanishi wingi wa lishe. Sukari hupimwa ya siku na ile ya wastani wa miezi mitatu. Hupimwa pia figo, ini, tezi ya shingo, homa ya ini na VVU. Mwenye VVU aliyetulia kwa dawa hakatazwi upasuaji kwa sababu hiyo pekee. Ultrasaundi hutafuta mawe kwenye mfuko wa nyongo, maana kupungua haraka huyazalisha. Moyo hupimwa kwa umeme, na ikibidi kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo.

Kipimo cha kamera tumboni kinaweza kumlazimu mgonjwa afike Hospitali ya Bugando mjini Mwanza au ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma. Kina maana kubwa, kwa sababu bakteria wa vidonda vya tumbo wameenea sana Afrika Mashariki, na tumbo likishachepushwa sehemu iliyoachwa kando haifikiwi tena kirahisi kwa kamera. Bakteria hao hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa kwa siku 14 kabla ya kupangiwa tarehe.

Swali moja hutakiwa kujibiwa na anayelala chumba kimoja na mgonjwa: je, anakoroma kwa nguvu, akakata pumzi kwa sekunde kadhaa, kisha akazinduka kwa kishindo? Hali hiyo ya kuziba koo usingizini ni ya kawaida kwa wenye unene mkubwa, na ni hatari sana pamoja na dawa za usingizi na za maumivu. Daktari wa usingizi akiijua mapema hujipanga: mgonjwa atalazwa kichwa kikiwa juu, atapunguziwa dawa kali za maumivu, atawekewa mashine ya kusukuma hewa. Asipoijua, ataikuta usiku. Wagonjwa wengi huona aibu kulisema, na wenza wao hawaulizwi. Ni kosa dogo linaloweza kuua.

Tumbaku ni jambo la Tabora kwa namna ya pekee, kwa kuwa mkoa huu, kuanzia Urambo hadi Sikonge, ni kati ya wazalishaji wakubwa wa zao hilo nchini. Mvutaji na mnusaji hutakiwa kuacha angalau wiki sita kabla ya upasuaji, na kuacha kabisa baada yake. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kidonda cha ndani ambacho hakipati damu ya kutosha huvuja. Hata kikipona, huota kidonda kingine pale tumbo lilipounganishwa. Pombe nayo huachwa, na anayeirudia baadaye hukuta glasi moja inampanda kichwani kwa kasi asiyoizoea. Dawa za mitishamba, ziwe za kupunguza tumbo au za nguvu, zisimamishwe wiki mbili kabla na zitajwe kwa daktari bila kuficha, kwa sababu baadhi huzuia damu kuganda. Mwanamke hupimwa ujauzito, na huelezwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, wakati mwili wake unapopungua kwa kasi na akiba ya madini ni ndogo. Uzazi wa mpango upangwe kabla: uzito ukipungua mayai hupevuka hata kwa mwanamke aliyehesabiwa mgumba, na vidonge vya majira haviaminiki baada ya kuchepusha chakula. Sindano, kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi.

Wiki mbili za mwisho zina kazi moja mahususi, nayo ni kulipunguza ini. Bawa la kushoto la ini hulala juu ya tumbo la chakula, na daktari hulazimika kuliinua kwa chombo muda wote wa operesheni. Kwa mtu mnene ini hujaa mafuta, likawa kubwa, zito na laini kama maini ya kuku. Likiinuliwa huweza kuchanika na kutoka damu. Mgonjwa akila kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga ukiwa kidogo kabisa, ini hunywea katika siku hizohizo kumi na nne. Asiyefuata anaweza kuamka kutoka kwenye usingizi akaambiwa operesheni imeshindikana, au imebidi afunguliwe tumbo lote.

Kwa meza ya Tabora, hilo lina maana ya kuweka kando ugali, wali wa Igunga, muhogo na viazi vitamu. Matobolwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ndivyo vigumu kuviona kama hatari, kwa sababu vinaonekana vidogo na vikavu. Lakini viazi vikikaushwa huondoka maji tu, wanga na sukari yote hubaki. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai tisa hivi. Asali, ambayo ni fahari ya misitu ya miombo, huhesabiwa kuwa sukari. Kinachobaki ni mayai ya kuchemsha, samaki wa kuchemsha au kuchoma, mtindi usio na sukari, mlenda na mchicha bila karanga nyingi, uyoga wa masika, nyama isiyo na mafuta, maji kwa wingi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze mlo huu kabla daktari hajapunguza dozi. Akila kidogo na dawa ikabaki ileile, sukari hushuka hadi kuzimia, na wapo waliofika hospitali kwa machela kabla ya siku ya rufaa.

Neno hilo machela lina historia yake njiani humuhumu. Katika siku za misafara lilikuwa kitanda cha nguo kilichoning'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili au zaidi, na wagonjwa walifika Tabora wakiwa ndani yake. Speke na mwenzake Richard Burton walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857. Basi la leo hukamilisha zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam kwa siku moja kupitia Dodoma na Morogoro, na tangu 2024 msafiri anaweza kushukia Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme. Wepesi huo una hatari yake. Kukaa saa kumi na zaidi miguu ikiwa imekunjwa hufanya damu itulie kwenye mishipa ya mashavu ya miguu, nayo ikitulia huganda. Bonge likikatika na kufika mapafuni huweza kuua kwa dakika chache. Unene huongeza hatari hiyo, na upasuaji huiongeza tena. Mgonjwa asafiri siku kadhaa kabla ya kulazwa, ateremke kila kituo na kutembea, anywe maji hata kama choo ni taabu. Kurudi ni muhimu zaidi: asipande basi la Tabora siku anayoruhusiwa. Apange mahali pa kukaa karibu na hospitali kwa wiki moja au mbili, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, kama vile nauli ya ndugu mmoja wa kumuuguza, vitamini za mwaka na safari za kliniki. Suala la bima liulizwe kwa maandishi kabla ya safari. Ndugu huweza pia kuombwa kuchangia damu.

Kwa kawaida mgonjwa hulazwa siku moja kabla. Mkobani anahitaji khanga au gauni pana, ndala zisizoteleza, mswaki, karatasi zote za vipimo, na dawa zake halisi ndani ya vifungashio vyake, kwa sababu maelezo ya "kidonge cheupe cha presha" hayamsaidii muuguzi. Rangi ya kucha na hina nzito kwenye vidole huondolewa mapema, maana kifaa cha kupimia oksijeni hubanwa kidoleni na husoma kwa mwanga unaopita kwenye kucha. Hina haiondoki kwa siku moja. Mwenye harusi mwezi huo aache kidole kimoja bila kupaka. Daktari wa upasuaji huja na fomu ya ridhaa. Hapo ndipo pa kuuliza: ni operesheni ya aina gani, amezifanya ngapi, matatizo gani yametokea, na nani atapigiwa simu usiku mgonjwa akiwa tayari Tabora. Katika vituo vyenye uzoefu, vifo ni karibu mgonjwa mmoja kati ya elfu, kiwango kinachofanana na cha operesheni ya kutoa mfuko wa nyongo. Hospitali isiyopenda kuulizwa maswali hayo haifai kupewa tumbo la mtu.

Chakula kigumu husimama saa sita au zaidi kabla, hospitali nyingi zikisema kuanzia usiku wa manane. Maji matupu huruhusiwa hadi saa mbili kabla pale daktari wa usingizi anapokubali. Asubuhi mgonjwa huoga, huvua pete, hereni na meno ya bandia, huvalishwa soksi za kubana na kuchomwa sindano ya kuzuia damu kuganda. Katika chumba cha upasuaji, meza inayotumika lazima iwe ya kubeba uzito wake, na mkanda wa presha uwe mpana. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya, ukaonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Dripu hutiwa, barakoa ya oksijeni hushikwa usoni kwa dakika chache, kisha usingizi.

Anapoamka koo huwa linakwaruza kwa sababu ya mpira wa kupumulia, na bega, mara nyingi la kulia, huuma bila kuguswa. Maumivu ya bega hushtua wengi, lakini aghalabu yanatokana na gesi iliyotiwa tumboni ili kamera ione vizuri. Yanaisha kwa siku moja mbili, hasa kwa kutembea. Na kutembea huanza siku hiyohiyo. Muuguzi humkalisha kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, akasubiri kizunguzungu kipite, ndipo wapige hatua kumi hadi mlangoni na kurudi. Ndugu wa mgonjwa kwa upendo wao humwambia apumzike. Kulala tuli ndiko kunakoleta bonge la damu na nimonia, kwa hiyo ndugu aliyefundishwa mapema humshika mkono na kumtembeza kila saa anapokuwa macho.

Kinywaji cha kwanza huja kwenye kile kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa, cha mililita 30. Huo ndio ujazo wa kunywa kwa robo saa, kwa mafunda madogo. Mtu aliyezoea kumaliza kopo la maji kwa pumzi moja hukikuta kikombe hicho kimemjaza kifua, na akikimbilia hutapika. Wiki nzima inayofuata ni ya kujifunza upya kumeza. Wodini, wauguzi huangalia joto, maumivu na hasa mapigo ya moyo. Mapigo yakipita 120 kwa dakika na kubaki hapo, hata kama mgonjwa anasema hajambo, madaktari hushuku kwamba mshono wa tumbo unavuja, na humrudisha kwenye vipimo au chumba cha upasuaji bila kungoja. Mambo yakienda sawa huruhusiwa siku ya pili au ya tatu.

Siku za mwanzo ni za vimiminika: maji, supu iliyochujwa, maziwa yaliyopunguzwa mafuta, uji mwepesi sana usio na sukari. Kuanzia wiki ya tatu vyakula husagwa laini, wiki ya tano hulainishwa kwa kupondwa, na kufikia wiki ya saba au ya nane mgonjwa hula karibu kama wengine, ila kwenye kisahani cha chai. Ugali mgumu, mkate laini na nyama kavu ndivyo vinavyokwama zaidi. Tonge hutafunwa hadi liwe uji, na maji hayanywewi pamoja na chakula; husubiriwa nusu saa. Protini ndiyo huliwa kwanza, kwa kuwa mwili ukiikosa hula misuli yake wenyewe. Lengo ni gramu 60 au zaidi kwa siku. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8. Dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, wakisafishwa vizuri, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa unga, hutiwa kijiko kwenye supu au uji. Ni bei nafuu kuliko makopo ya unga wa protini yanayouzwa Dar es Salaam.

Asali hurudi kuwa tatizo kwa aliyechepushwa chakula. Sukari nyingi ikimwagika ghafla kwenye utumbo mwembamba huvuta maji. Ndani ya nusu saa moyo hudunda, jasho hutoka, tumbo husokota, na mgonjwa hutamani kulala. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa kuanzia Ipuli hadi Kaliua, huchimba vidonda kwenye tumbo jipya na huepukwa maisha yote; parasetamoli ndiyo mbadala. Vidonge vya kuongeza mkojo alivyotumia kwa presha huweza kumkausha maji, hivyo presha ipimwe kila wiki, maana dozi za zamani mara nyingi huwa kubwa kwa mwili mpya. Muislamu huulizia mapema juu ya Ramadhani. Ushauri wa kawaida ni kutofunga hadi mwaka mmoja au mwaka na nusu upite, kwa sababu mtu anayekunywa kwa mafunda hawezi kufidia maji ya mchana kutwa kati ya futari na daku.

Homa, tumbo linalouma na kuzidi, kutapika kila kitu kwa siku nzima, pumzi fupi ya ghafla, au shavu moja la mguu lililovimba na kuuma, si mambo ya kusubiri basi la kesho kwenda Dar es Salaam. Ni ya kwenda Kitete au hospitali yoyote iliyo karibu usiku huohuo, na daktari wa zamu kupewa namba ya aliyefanya upasuaji. Anayetapika kwa siku kadhaa anahitaji vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari, la sivyo ubongo na neva zinaweza kuharibika moja kwa moja. Si kila kituo kidogo hukumbuka hili, na mgonjwa anayelijua ana haki ya kulitaja.

Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha huota tena protini na madini vikitosha. Ngozi iliyolegea hubaki, nayo humsumbua zaidi aliyepungua sana. Vitamini, madini ya chuma na kalsiamu humezwa maisha yote, B12 aghalabu kwa sindano, na damu hupimwa mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Vipimo vya msingi na sindano hizo hupatikana mkoani bila safari ya kilomita 800, mradi daktari wa Tabora ajue amempokea mgonjwa wa aina gani. Hivyo karatasi ya kuruhusiwa, yenye jina la operesheni, tarehe na dawa zisizofaa, hutolewa nakala tatu: moja hubaki kwenye jalada la Kitete, moja kwa ndugu aliyemuuguza, na moja hukunjwa na kuwekwa pamoja na kitambulisho.